Mwongozo wa Mji kwa Mgeni Mmoja

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na ahadi, kwa sababu ulinifundisha kwamba ahadi huandikwa juu, mahali ambapo mtu hawezi kujifanya hakuiona: nitakuambia yote. Mazuri na yasiyo mazuri, hata yale ambayo Baba akiyasoma atakohoa.

Huku sote wazima. Koo langu limepona. Magoti yako yanaendeleaje? Na cherehani bado inakula uzi?

Mwalimu wetu wa jiografia ametupa kazi ya muhula mzima. Kila mwanafunzi aandike mwongozo wa mji kwa mgeni: sehemu ambazo mtu akija hapa akaondoka bila kuziona, ni kama hakuja. Akasema, "Msiniandikie mgeni wa hewani. Chagueni mtu mmoja mnayemjua." Wenzangu wamechagua wacheza mpira na waimbaji ambao hawawajui hata kidogo. Jirani yangu wa dawati amechagua mfalme, ila hajasema yupi. Mimi nimekuchagua wewe.

Kwa hiyo nimeanza kuutembea mji kwa magoti yako. Kila ninapofika najiuliza: ngazi ni nyingi? Pa kukaa papo? Jumamosi tulikwenda Makumbusho ya Mji, na sehemu ya kwanza ya lazima ni ukumbi wa nyangumi. Mifupa yake imening'inizwa darini kwa nyaya, na ukisimama chini ya mbavu unajiona kama umemezwa na hukuumia. Chini ya mkia kuna benchi ndefu. Mtu anaweza kummaliza nyangumi mzima bila kuinuka.

Sehemu ya pili ni ukumbi wa mavazi ya kale. Kuna joho lililoshonwa kwa mkono, mishono midogo kama punje za mchele zilizopangwa na mtu mwenye subira. Nilisogea mpaka pua yangu ikaacha alama kwenye kioo, ikabidi niifute kwa sweta. Tulipotaka kutoka, mvua kubwa ikaanza, tukakaa pale mlangoni, nikafumuliwa nywele na kusukwa upya mpaka ikakatika.

Likizo inaanza mwisho wa mwezi wa nne. Mwalimu anasema mwongozo mzuri ni ule ambao mgeni anaweza kuufuata kweli. Njoo, Shangazi. Utakuja?

Mwanao,
Sindano

*

13 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika kila nikiinuka, nami nayajibu. Cherehani imeacha kula uzi, sasa inakula sindano, kwa hiyo ni vizuri uko mbali.

Nyangumi wako nimemsoma. Sasa, mama, mimi nisafiri siku nzima kwenda kutazama mifupa? Nikitaka mifupa si nasimama mbele ya kioo? Hilo joho, sawa. Hilo ningelitazama. Ukirudi, chungulia shingoni uone kama mshono umepigwa mara mbili. Fundi mvivu hujificha shingoni.

Lakini uliahidi kuniambia yote, na barua ya kwanza tu imeshatoboka. Nani alikusuka? Baba yako ni mdogo wangu, namjua tangu anatambaa: hajui kusuka hata kamba. Uko na nani hapo mlangoni mvua ikinyesha?

Kuhusu kuja, jibu langu nililitoa siku unaondoka, begi lako likiwa mkononi mwangu. Mji huo una nyumba ya ndugu yangu aliyeoa bila kuniambia neno. Habari nilipewa na mteja aliyeleta sketi kupunguzwa. "Hongera ya wifi mpya," akaniambia. Nilikuwa na pini mdomoni, nikashindwa hata kumwambia arudie. Mtu aliyekulelea mtoto tangu mama yake afariki, unamwacha asikie ndoa yako kwa mteja? Basi mji huo utazame wewe kwa niaba yangu.

Kula vizuri. Usikae na soksi zilizolowa.

Shangazi yako

*

20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hasira haijakukosesha usingizi. Sisi wazima.

Umenikamata. Nilikuwa na Mama Mdogo, ndivyo ninavyomwita mke wa Baba. Sikusema uongo, ila niliacha tundu, na najua ungeniambia kwamba nguo yenye tundu ina tundu. Sasa naandika yote.

Mama Mdogo anafanya kazi makumbusho. Ni mlinzi wa huo ukumbi wa mavazi. Kutwa nzima anakaa pembeni kuhakikisha hakuna anayegusa. Haruhusiwi kusoma, wala kufuma, wala kusinzia. Kiti chenyewe ni kirefu, miguu yake haifiki chini, inaning'inia kama ya mtoto. Ni mdogo wa umbo. Sweta yake inanitosha mimi kabisa. Kwa kukaa hivyo amewajua watu. Anasema mtu anayetaka kugusa huanza kwa kutazama dari, kana kwamba dari ndilo lililomleta.

Nilipomuuliza habari ya shingo ya joho, alisubiri wageni watoke, akapiga magoti sakafuni, akachungulia kwa chini. Mshono umepigwa mara mbili. Akasema, "Shangazi yako ana jicho. Msalimie sana." Salamu hizo sikujua niziweke wapi, nimeziweka hapa.

Sehemu ya tatu ni nyumba ya vioo kwenye bustani ya mimea. Ndani kuna joto kama la pasi, na majani mapana ambayo mtu anaweza kujifunika nayo. Njia ni tambarare, mabenchi yako kila kona. Utaipenda. Mama Mdogo hakukaa sana, alisema harufu ya maua inamchafua moyo, akanisubiri nje akila ndimu kwa chumvi. Sketi yake ameifunga kiunoni kwa pini. Nilimwambia nitamshonea kifungo, akasema kifungo kipo, hakina tatizo. Sikuelewa.

Baba hajambo. Bado anatengeneza lifti za mji mzima. Jina lako likitajwa anainuka kwenda kunywa maji. Siku hizi ana kiu sana.

Nijibu hata kama umekasirika.

Mwanao,
Sindano

*

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mtu wa posta amepita mara nyingi na kila mara ana barua za wengine. Kama unaumwa, mwombe jirani aniandikie. Kama huumwi ila umenuna, basi nuna, lakini uniandikie kwamba umenuna.

Mwalimu ameturudishia kazi zetu nusu njia. Kwangu ameandika kwa wino mwekundu: "Mbona mgeni wako anakaa sana?" Jirani yangu wa dawati akasoma kwa sauti, akasema, "Huyu ameandika mwongozo wa mabenchi." Darasa zima likacheka. Nikasimama nikasema mgeni wangu ana magoti mabovu na hapendi kuulizwa habari zake, kwa hiyo benchi lazima liwepo kabla hajalitafuta. Mwalimu naye alicheka, lakini vizuri. Akasema, "Endelea hivyohivyo. Ila mpandishe juu hata mara moja. Mji hautazamwi kutoka chini tu."

Kwa hiyo Jumapili Baba alitupeleka kwenye jengo refu kuliko yote, lenye paa la kutazamia. Lifti zake ni yeye anayezitunza, akajisifu njia nzima kwamba leo tutapaa. Tukafika. Lifti ya kwenda juu ilikuwa na kibao: HAITUMIKI, UKAGUZI. Mwandiko ulikuwa wake. Alikiweka Ijumaa, akasahau. Mama Mdogo alicheka mpaka akashika ukuta.

Tukapanda ngazi. Katikati, Mama Mdogo akakaa chini, jasho linamtoka. Baba akampepea kwa kofia, akasema, "Turudi." Yeye akasema, "Wapi! Mpeleke mtoto akaone kwa ajili ya mgeni wake." Tukamwacha kwenye kiti cha mlinzi, tukaenda wawili.

Juu kuna upepo na ukuta wa kuegemea. Unaona mto, daraja, mapaa ya soko, na watu kama vifungo vilivyomwagika. Baba akaninyooshea kidole. "Ile ndiyo reli ya kwenda kwa shangazi yako. Inapotelea nyuma ya matangi yale." Aliitazama reli hiyo kuliko alivyotazama kitu kingine chochote. Nikamwambia, "Baba, mwandikie." Akasema, "Nimwandikie nini?" Kule juu hakuna maji, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda.

Mwanao anayekungoja,
Sindano

*

25 Machi

Sindano wangu,

Marahaba. Siumwi, na kununa nilinuna wiki ya kwanza tu. Baada ya hapo nilikuwa nakata kitambaa.

Ndani ya kifurushi hiki kuna gauni. Si lako, usilijaribu. Ni la mke wa baba yako. Vipimo sikuwa navyo, nimevitoa kwenye barua zako: miguu isiyofika chini, sweta inayokutosha wewe. Mwambie ubavuni na kiunoni nimeacha kitambaa kingi ndani ya mshono, nimekishikiza kwa uzi mwekundu. Afumue kidogo kidogo kadiri siku zinavyokwenda. Ataelewa. Ndimu azipunguze, zitamchoma tumbo. Na asipandishwe tena ngazi za majengo marefu kwa ajili ya mgeni ambaye hata hajasema anakuja.

Usidhani nimelainika. Mwanamke aliyejifunga pini kiunoni siwezi kumvumilia, hata akiwa kwenye karatasi. Ni ugonjwa wa kazi.

Kuja ni jambo lingine. Baba yako ana mikono miwili, na kalamu hazijaadimika. Watu wa mji mzima anawapandisha mpaka mawinguni. Kushuka kwa dada yake mkubwa ndiko kunakomshinda. Ipo habari ambayo nangoja kuisikia kwake mwenyewe. Safari hii sitaki kuipata kwa mteja, wala kwako. Wewe usiiandike hata ukiijua. Hapo nakufungua kwenye ahadi yako. Akiniambia yeye, nitafunga begi. Asiponiambia, gauni ni langu la kwanza na la mwisho kuingia nyumba hiyo.

Shangazi yako

*

2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na asante ambayo haiingii kwenye bahasha. Hapa hatujambo, na zaidi ya hatujambo.

Mama Mdogo aliliweka gauni mabegani mbele ya kioo, akageuka huku, akageuka kule. Mimi nikawa namsomea maneno yako. Nilipofika kwenye uzi mwekundu, akakaa kitandani. Akacheka. Kisha akawa anacheka na kulia kwa pamoja, nikakimbilia maji.

"Shangazi yako amejuaje?"

"Amejua nini?"

Akanitazama. "Ina maana hata wewe bado?"

"Mimi naishi humu ndani, siambiwi kitu."

Akauchukua mkono wangu akauweka pale palipokuwa na pini. Ndipo nikaelewa, nikaona haya, maana mtihani wa sayansi niliongoza darasa.

Baba akaingia, mafuta ya lifti mpaka kwenye viwiko.

"Dada yako anajua," Mama Mdogo akamwambia.

"Nani kamwambia?"

"Ndimu," nikasema mimi.

Baba akafuta mikono kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi kama anajua, nina haja gani ya kuandika?"

Shangazi, nilifikiri Mama Mdogo atanyamaza kama siku zote. Akasimama. Alitumia sauti yake ya makumbusho, ile ya chini ambayo mgeni akiisikia anaondoa mkono mwenyewe. "Anajua, lakini hajaambiwa. Mimi ulinioa ukanificha kama kikohozi, nikavumilia. Mtoto huyu hafichwi."

Baba hakwenda kunywa maji. Alivuta kiti cha jikoni, akaomba karatasi kwenye daftari langu. Akaandika, akachana. Akaandika, akachana. Mwishowe akaniita.

"Barua ya dada inaanzaje?"

"Inaanza na shikamoo, Baba."

"Baada ya shikamoo?"

"Hapo ni kwako."

Akainama tena. Nilipopita nyuma yake alifunika karatasi kwa mkono, kama mwanafunzi anayeogopa kuangaliziwa. Chakula kilipoa akiwa bado anaandika. Bahasha ameifunga kwa utepe mweusi wa nyaya, maana gundi ya posta haiamini. Ndiyo hii ninayoituma ndani ya yangu. Sijaisoma. Alama za vidole vya mafuta ni zake.

Sina jingine la kukuambia mpaka nijue lililomo humo. Naogopa kidogo.

Mwanao,
Sindano

*

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeamka vizuri kuliko nilivyolala.

Barua ya baba yako nimeisoma mara mbili: kwanza kwa hasira bila miwani, kisha kwa miwani. Mistari imelala kama watu waliochoka. Shikamoo ameiandika juu, akasahau, akaiandika tena chini. Habari nyingi za humo ni zangu na zake, ila moja nakupa, kwa kuwa inakuhusu. Mama yako alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mke wake. Alipotaka kuoa tena, aliona hawezi kunitazama usoni. Alidhani nitasema amemsahau. Mjinga huyu! Mimi yule nilimpenda, ndiyo maana nisingetaka mtoto wake akae na mvua mlangoni bila mtu wa kumsuka.

Habari yenyewe ameniambia, tena kwa maneno yaliyonyooka. Nimepiga kigelegele peke yangu humu dukani, mteja akaangusha kofia.

Msalimie wifi yangu. Nimeandika wifi yangu, usidhani kalamu imeteleza.

Nitakuja likizo ikianza. Lakini nisikilizeni vizuri: lifti siingii. Baba yako alipokuwa anajifunza kazi hiyo alinieleza jinsi zinavyoning'inia, akidhani ananifurahisha. Tangu siku hiyo basi. Nyumba yenu iko ghorofa ya ngapi? Hilo hujawahi kuniandikia, nawe si mtu wa kusahau. Kama ni juu mno kwa magoti haya, nitatafuta nyumba ya wageni chini, nitakuwa nawapungia mkono.

Shangazi yako

*

15 Aprili

Shangazi mpendwa, mgeni wangu,

Shikamoo. Nilipofika kwenye "nitakuja" nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nilipofika kwenye lifti nikakaa chini.

Tunakaa ghorofa ya tano. Sikukuandikia kwa sababu nilijua kwamba lifti huingii. Nimekuambia sasa.

Nilidhani Baba atajaribu kukubembeleza uingie lifti. Hakujaribu. Alisema, "Kosa ni langu, nilizisifia mno zile nyaya," akavaa viatu, akatoka kwenda kupanda ngazi za nyumba yetu kuanzia chini. Baba ameishi hapa mwaka mzima, na hakuna kati yetu aliyewahi kuzipanda. Akarudi anahema, akaniita, "Lete ule mwongozo wako."

Kwa hiyo hii ndiyo sehemu ya mwisho ya lazima, na haimo kwenye mwongozo wa mwanafunzi mwingine yeyote: ngazi za nyumba yetu. Kila zinapopinda kuna dirisha. La kwanza linatazama ua wa nyuma, ambako nguo za jengo zima zimeanikwa. Utajua tabia za majirani wote kabla hawajakusalimia. La pili linatazama mtaa wa wauza vitambaa, na asubuhi unawaona wakifungua majora yao barabarani kuyakung'uta. La tatu ni mto. La nne ni uwanja wa shule yangu, na ukikaa mpaka shule ifunguliwe, wakati wa mapumziko nitakuwa yule anayepunga mikono yote miwili. Ukifika mlangoni kwetu utakuwa umeshauona mji, na hakuna atakayekuambia ulikuwa unapumzika. Ulikuwa unatalii.

Viti vimepatikana. Mshona viatu wa chini ametoa kigoda. Mama wa mapacha wa ghorofa ya pili ametoa kiti cha chakula. Mzee mstaafu wa ghorofa ya tatu ametoa kiti chake cha mikono, kwa sharti kwamba mtu mwingine asikikalie hata kwa kukijaribu. Wa ghorofa ya nne hatukuwajua kabisa. Mama Mdogo alikwenda kugonga akiwa amevaa gauni lako. Ameshafumua uzi mwekundu wa kwanza, na kwa hodi ya kwanza tu walimkaribisha. Nao wametoa kiti, na mto wa kukalia.

Mwalimu amesoma sehemu hii. Safari hii hakuandika swali. Ameandika: "Mgeni wako nimemwona."

Baba ameomba ruhusa kazini siku utakayofika. Anasema atapanda nawe mwanzo mpaka mwisho, hata kama tutakula chakula cha mchana ghorofa ya tatu. Jana tulifanya majaribio. Mimi nilikuwa wewe. Nilichechemea na kumgombeza kila ngazi, akawa ananijibu, "Sawa, dada. Ni kweli, dada," mpaka Mama Mdogo kule juu akachungulia kuona tunagombana na nani. Ila tulikwama kwenye jambo moja, kila mmoja akawa na lake, na Baba akasema hawezi kubahatisha. Tafadhali jibu kwa posta ya kwanza: goti linalokuuma zaidi ni la kulia au la kushoto, ili ajue asimame upande gani?

Mwanao,
Sindano